Kinyozi wa Nyamugari na Kuku wa Majirani

Karani wa komine, ile ofisi ya tarafa, alihudhuria mkutano wa mkuu wa mkoa akiwa amenyolewa nusu ya kichwa, na aliyemnyoa nusu hiyo alikuwa jirani yangu. Upande wa kulia ulikuwa safi unang'aa, wa kushoto bado msitu. Mkuu wa mkoa alipomuuliza kulikoni, karani alijibu kwamba kinyozi aliitwa. Wageni kutoka Bujumbura hawakuelewa, lakini watu wa Gitega waliokuwamo ukumbini waliona maelezo yametosha, na mkutano ukaendelea.

Kuitwa, kwa kinyozi wetu wa Nyamugari, kulikuwa na maana moja: mama fulani amesimama mlangoni kwake na kuku anayetaka kuchinjwa. Mimi nilifika mtaa huo wa Gitega nikiwa bibi harusi, bendera ya uhuru ikiwa bado haijapauka, na jambo la kwanza nililofundishwa na majirani ni kwamba mwanamke hachinji. Kuku aliyechinjwa na mwanamke ni kibudu, tupa kule. Hatukujua nani alilisema, ila tulilishika kuliko mengi yaliyoandikwa. Sasa wanaume wetu walikuwa mafundi na wachuuzi na madereva, watu wa kuondoka. Mume wangu aliendesha lori la tajiri mmoja wa Kihindi, na angeweza kukaa wiki tatu bila kuonekana. Mgeni akifika wiki hizo, ungefanya nini? Ungetoka barabarani na kuku wako kutafuta mwanamume.

Na wanaume nao walikuwa na mambo. Mwanamume wa Nyamugari akimwona mwanamke kasimama na kuku, alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu amesahau nyumbani. Wengine walipita wakitazama mawingu. Nilimjua mmoja aliyejitapa kumfukuza chui kule Ruyigi, lakini kuku wangu alimfanya abadilishe njia.

Kinyozi hakuwa hivyo. Kabla hujamaliza kusema hodi, yeye alikwisha kuitika labeka, ameweka chini mashine ya kunyolea, amechukua kisu chake kilichofungwa kwenye kitambaa, na yuko barabarani. Aliyekuwa kitini alibaki na shuka lake shingoni. Mara nyingi Kinyozi alitoka bila hata kuuliza anakwenda kwa nani, akashika njia ya kushoto wakati nyumba ya mwenye kuku iko kulia, na mama wa watu akalazimika kumkimbilia nyuma. Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, anayevaa koti la suti juu ya kanzu. Viatu vyake havikuwa na kamba. Kufunga kamba, alisema, ni kumkalisha Mungu kwenye benchi.

Siku moja nilimuuliza kwa nini asimalize kichwa kwanza ndipo aje. Kuku hana haraka, nikamwambia, tena yeye ndiye mwenye haraka ndogo kuliko wote. Alinitazama kwa huruma.

“Bon, sikiliza, Mama Zaituni,” akasema. “Mungu hana posta. Akitaka kunituma, atamutuma nani kwangu? Anakutuma we na kuku yako. Sasa mi nimwambie asubiri, niko namaliza kichwa ya karani?”

Nikatangulia na kuku wangu, na karani, aliyekuwa akisikia yote kutoka kitini, akajifunga shuka lake vizuri.

Alikuwa na namna yake ya kuchinja. Kisu alikinoa kila asubuhi baada ya sala, kwa muda mrefu kuliko alivyonoa nyembe, hadi wateja wakalalamika kwamba kuku wanapata makali mema kuliko vichwa vyao. Alimgeuza kuku kibla, akamlaza taratibu, halafu kabla ya kumtaja Mwenyezi Mungu alimnong'oneza kuku kwa Kirundi: “Umbabarire.” Alikuwa akimwomba msamaha. Nilipomuuliza kwa nini Kirundi, wakati sote pale tunasema Kiswahili, alieleza bila kucheka kwamba kuku wetu wanatoka vilimani, Giheta na huko, na Kiswahili hawajakaa mjini muda wa kutosha kukijua. Akimaliza, alifuta kisu na kuondoka. Hakupokea kitu, hata shingo. Ukimfuata na bakuli la mchuzi alikuuliza kama unataka kumharibia.

Msidhani nawasimulia mtakatifu. Mtu huyo aliitikia kila sauti mjini isipokuwa sauti ya mke wake. Mlango wao wa uani ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja tangu Ramadhani, na mkewe alikwisha kuomba, kugombana na kunyamaza. Mwishowe akatoka kwa nyuma, akazunguka nyumba, akasimama mlango wa mbele na kuibana sauti puani: “Hodi, mi niko na kuku.” Kinyozi akaruka nje na kisu chake, akamkuta mkewe kasimama na nyundo na misumari. Aliutengeneza mlango. Alipomaliza alimwambia mkewe kwamba kama alikuwa na shida angeongea tu, kwa nini kuzunguka. Mke huyo alitusimulia kisimani, na tulicheka hadi tukasahau ndoo zetu.

Tena alipenda kuitwa. Hilo halikufichika. Zikipita siku mbili hajaitwa, rangi ilimtoka, akaanza kupita mbele ya nyumba zetu kwa mwendo wa pole, akikohoa. Akikusalimia aliulizia kuku kabla ya watoto. Jogoo yule mwekundu hajambo? Hajawa mkubwa bado? Wengine tulifikia kualika mashemeji ambao hatukuwa na hamu nao, ili tu mtu yule apate nafuu.

Hata Wakristo walimwita. Kwetu, mtu wa kanisani akioza mtoto wake na akataka majirani Waislamu wale kwa amani, humwita Mwislamu achinje. Kinyozi alichukua wito huo kama mialiko ya kifalme. Ndipo yakatokea ya Giheta. Alikuwa ameletewa habari kwamba huko kuna harusi na mbuzi wawili wanamsubiri. Aliyeleta habari alikuwa bado anaeleza njia, mti gani, mteremko gani, Kinyozi akiwa tayari juu ya baiskeli. Kufika Giheta akaona ua uliopambwa kwa migomba na maua. Akaingia. Watu wote walikuwa kanisani isipokuwa bibi mmoja kiziwi aliyemkaribisha kwa kichwa. Mbuzi akawa mmoja tu, kafungwa kwenye nguzo. Kinyozi akajiambia wamempunguza mmoja, haidhuru, akageukia kibla na kumaliza kazi.

Harusi iliyomwita ilikuwa ng'ambo ya kilima. Hii ilikuwa nyumba iliyokuwa ikimngoja paroko, na mbuzi yule alikuwa zawadi ya paroko, wa kupelekwa akiwa hai na utepe shingoni. Wenye nyumba waliporudi na paroko mbele yao, walikuta utepe juu ya jiwe na Kinyozi akichuna ngozi. Alisimama, akanyoosha mikono yenye damu, akamwambia paroko kwamba ameitwa. Paroko alifikiri kidogo, akasema hata yeye aliitwa, na kwa kuwa wote wawili wamefika, basi mbuzi aliwe. Kinyozi alipeleka mbuzi wake mwenyewe wiki iliyofuata, na tangu hapo, kila paroko yule alipokuja Gitega, alinyolewa Nyamugari. Naambiwa yeye peke yake hakuwahi kutoka pale na nusu kichwa, kwa sababu alisali kabla ya kukaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sote tulilificha. Alitujia mwalimu wa kike aliyekulia Kigoma, msomi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula, akaanzisha darasa la akina mama siku za Alhamisi. Alhamisi moja akafika kwenye kuchinja. Alisema, kwa utulivu kama anayetaja rangi ya kitambaa: “Mwanamke akifuata masharti, kichinjo chake ni halali. Hakuna shaka yoyote katika hilo.”

Tulitazamana, wanawake kumi na kitu, kila mmoja akikumbuka jua lililompiga barabarani na kuku kwapani. Kisha mmoja wa nyuma akauliza: “Na Kinyozi je?”

Mwalimu hakuelewa swali. Aliyeelewa ni mke wa Kinyozi, aliyekuwa kaketi karibu na mlango. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akatuomba kama dada zake tusimfanyie hivyo. Mumewe asipoitwa hukaa nyumbani, alisema, na akikaa nyumbani hupanga vyungu upya na kufundisha watu kukoroga uji. Tulicheka, tukakubaliana. Neno la mwalimu lilibaki humo chumbani. Tulisema ni kwa ajili ya mke wa Kinyozi, na tuliendelea kumwita mumewe kama kawaida, miaka na miaka.

Katika miaka hiyo mji uliingia hofu kwa muda. Watu waliacha kutembeleana, maduka yakafungwa mapema, na askari wakaweka bariyeri kwenye barabara iliyotenganisha kibanda cha Kinyozi na nyumba zetu. Zaituni wangu alikuwa ametoka kwenye malaria kali, hali kitu, na nilitaka apate supu. Mume wangu hakuwapo. Nilimwomba jirani aliyekuwa akivuka amwambie Kinyozi kwamba namwita, kisha nikajuta papo hapo, maana ni nani atakayepita bariyeri siku kama zile akiwa na kisu?

Alikuja. Walimsimamisha, wakafungua kitambaa, wakakiona kisu kinavyong'aa, wakamuuliza anakwenda wapi nacho. Akawaambia ameitwa. Na nani? Na Mungu, akasema. Jibu hilo halikumsaidia. Mmoja akamshika kola, ndipo Kinyozi akaongeza kwamba Mungu amepitia kwa Mama Zaituni, nyumba ya tatu, yenye mlango wa bluu. Nilisikia mlango ukigongwa, nikafungua, nikamkuta katikati ya askari watatu. Mkubwa wao akaniuliza kama nimemwita mtu huyu. Nilinyanyua kuku juu, hivyo tu, mbele ya uso wa askari.

Waliingia uani wote wanne. Kinyozi alimwomba askari mmoja amsaidie kushika miguu, na askari akashika, bunduki mgongoni. Kuku akaombwa msamaha kwa Kirundi. Yule mkubwa aligeuza uso ukutani hadi kazi ikaisha. Kisha Kinyozi akafuta kisu, akawaaga askari mmoja mmoja kama wageni wa harusi, akarudi zake. Zaituni alikunywa supu. Mimi nilikaa jikoni nikiwaza kwamba mtu yule angeweza kusema leo siwezi, na hakuna mdomo ambao ungemlaumu.

Mke wa Kinyozi alipofariki, binti yao alimchukua mzee akakae naye Muyinga, ambako mkwe hufanya biashara ya kuvuka mpaka. Miaka ikapita. Mimi nami nilikuwa nimeanza kuuza vitenge, na safari moja ya kufuata mzigo Muyinga niliamua kumwona. Mtu hamtembelei mzee mikono mitupu, kwa hiyo nilipitia sokoni nikanunua kuku, mweupe, mwenye kelele.

Nilimkuta peke yake uani, kwenye kigoda, binti yuko sokoni na mkwe yuko Tanzania. Alikuwa amekuwa mdogo. Mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai alikiweka chini na kukinamia badala ya kukinyanyua. Alifurahi sana. Aliulizia kuku wa Nyamugari, kisha watoto, kisha akamwangalia kuku niliyemleta kwa muda mrefu.

“Mama Zaituni,” akasema, “mi niko na zambi moja kubwa, na we ndiye utanipelekea msamaha kwa akina mama wote.”

Nikamwambia aseme.

“Mwanamke anaweza kuchinja. Ni halali. Mwalimu wangu wa chuo ya Kurani alinifundisha toka mi niko kijana, mbele we hujaolewa. Nilijua. Na nikawaacha mnatoka na kuku kwa jua.” Alijaribu kushika goti lake, mkono ukamponyoka. “Nilipenda kuitwa. Alors sasa nitamwambia Mungu nini? Nilikuwa namtumikia yeye, ao nilikuwa najifurahisha mi?”

Kicheko kilinipanda, nikakimeza, kikarudi. Miaka yote hiyo, yeye huku akituficha na sisi kule tukimficha, na kuku mmoja mmoja akifa katikati. Nilimwona anavyoteseka, nikadhani dawa ninayo. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sote tulijua. Nikamsimulia darasa la Alhamisi, swali la yule wa nyuma, na ombi la mke wake.

Ilikuwa dawa mbaya. Uso ulimwanguka kuliko alipokuwa akitubu. Akauliza tulijua tangu lini. Nikamwambia. Akahesabu harusi na akika na wageni, midomo ikitikisika.

“Donc mlikuwa mnanionea huruma,” akasema. “Mi nilifikiri naenda kusaidia watu, kumbe watu ndio walikuwa wananisaidia.”

Hapo niliona nilichofanya. Nilikuwa nimemwondolea dhambi yake na kazi yake kwa mkono mmoja. Mzee amebakiwa na siku chache, na mimi nimefika na kuku na kumwambia kwamba maisha yake yote hakuna aliyemhitaji. Nilitaka ardhi ya Muyinga inimeze, mimi na vitenge vyangu. Na kwa kuwa hapakuwa tena na uongo wa kunisaidia, nilisema kweli, ambayo sikuwa nimeisema hata kwa mume wangu.

“Mzee, tulisema ni kwa ajili ya mke wako. Haikuwa hivyo. Tuliogopa. Baada ya lile darasa kila mmoja alijaribu kwa siri jikoni kwake, na hakuna aliyeweza. Siku ya askari, kisu kilikuwa mkononi mwangu na hukumu ya mwalimu naijua. Nilimlaza kuku mara mbili, mara mbili nikamwachia. Ndipo nikakuita upite kwenye bunduki.”

Alinitazama. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

“Hamukuweza?”

“Hatukuweza.”

“Hata moja?”

“Hata mmoja. Na huyu mweupe pia simwezi, usiniangalie hivyo.”

Alicheka kwanza kidogo, halafu kwa mabega yote, hadi kikombe cha chai kikapinduka. Akaniita mjinga, akawaita wanawake wote wa Nyamugari wajinga, kwa upendo mkubwa. Kisha akageuka kumtazama kuku. Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele ya macho na kuusoma unavyotetemeka. Kisu chake kilikuwa juu ya dirisha, nilikiona. Hakukigusa. Alisema mkono ule utamtesa mnyama, na mnyama hajakosa kitu.

Akainuka. Akamchukua kuku, akamweka kwapani, akatembea pole pole hadi mlango wa ua na kusimama nje, kando ya barabara. Nilimfuata, nikasimama naye.

Wa kwanza kupita alikuwa kijana mwenye kofia safi. Kinyozi alimsalimia na kumweleza. Kijana alisema kwa adabu kwamba anachelewa. Wa pili alituona kwa mbali, akasimama, akapapasa mifuko yake na kurudi alikotoka. Kinyozi alimkodolea macho hadi akapotea kwenye kona. Akaniuliza kama na sisi tulifanyiwa hivyo. Nikamwambia kila siku. Jua lilikuwa kali, na kuku alikuwa ameanza kumchafulia kanzu.

Wa tatu alikuja akisukuma baiskeli iliyobeba mikungu ya ndizi pande zote mbili hadi magurudumu hayaonekani, kofia yake imelowa jasho. Mtu wa mzigo kama ule hasimami kwenye mwinuko, maana kuanza tena ni shida. Kinyozi hakumwomba. Alifungua mdomo tu, akaufunga. Lakini yule mtu aliona kuku, akaona mikono ya mzee, akaanza kutafuta fimbo ya kuegemezea baiskeli yake. Ilimchukua muda. Mkungu mmoja ukaanguka, akauacha chini.

“Kisu iko wapi, Mzee?” akauliza, akikunja mikono ya shati.

Nilimwonyesha dirisha, akamchukua kuku kutoka kwapani kwa Kinyozi, akaingia uani. Kinyozi alibaki pale pale barabarani, mikono mitupu, akiitazama baiskeli na ule mkungu kwenye vumbi.

“Amesimama,” akaniambia.

Nikamwambia nimeona.

“Alikuwa na mzigo yake, na mlima iko mbele, na amesimama.” Alinishika mkono. “Kumbe mlikuwa mnajisikia hivi?”

Nikamwambia ndiyo, Mzee, kila ulipokuja.